Misuku Iliyokataa Kung'oka

Kila Jumamosi, akishamaliza kufagia depo, ghala la maharage la baba yake, Benita Paluku alichukua jembe na kwenda kilimani, kando ya barabara ya Kipushi. Baba yake, mtu wa Butembo asiyeishiwa na utani, alimwita "chef wa msitu," yaani mkuu wa msitu. Benita alijifanya hasikii, lakini moyoni alifurahi.

Sababu ya kufurahi alikuwa nayo. Kilima kile kilikuwa kitupu kwa kuwa miti yake yote ilichomwa kuwa makala, makaa ya kupikia. Msimu wa mvua uliopita, wanafunzi wa darasa lake walikula masuku, matunda ya mti wa porini uitwao msuku, wakapanda mbegu zake pale, na Benita akachaguliwa kuzisimamia. Chef Chomba, mkuu wa kijiji mwenye ardhi ile, aliwapa mwaka mmoja. Miti ikiishi, kilima kitakuwa cha wanafunzi; ikifa, atakirudisha kwa watu wa makala.

Miche iliota vizuri, Benita akatamba nayo shule nzima. Lakini mwaka huu mvua ilikatika mapema, jua likawaka kupita kawaida, na mwezi wa kumi ukaingia bila wingu. Jumamosi moja Benita alifika kilimani akakuta vijiti vikavu tu. Jumatatu ndiyo siku ambayo chef angekuja kutazama.

"Yote ilikufa," alimwambia Gauthier, mwenzake wa darasa aliyekuwa amemfuata, na machozi yakamlengalenga. Benita alizaliwa Butembo, mbali kaskazini, kwenye milima ya mvua nyingi. Kule mti mchanga ukikauka hivi, hauna kazi tena ila kuwashia moto.

Gauthier hakukosa shauri. "Usilie. Tantine yangu, dada ya baba, anauzishaka miche, iko mingi ya mubichi. Tung'oe hii mikavu, tupande ile. Chef hatajua kitu."

Shauri lilikuwa tamu. Benita alishika kijiti kimoja akavuta, hakikutoka. Alivuta kwa mikono miwili, kikakatika juu na chini kikabaki. Akakitazama kile kipande mkononi, akaona haya.

"Apana," alisema. "Chef alituachia kilima sababu ya misuku, hapana sababu ya miche ya tantine yako. Nitamuambia ukweli."

"Basi kilima kinaenda," Gauthier alimjibu kwa hasira. "Na ni sababu yako."

Jumatatu darasa lote lilipanda kilimani na mwalimu wao, Madame Clotilde. Chef Chomba alikuwa amekwisha fika. Benita alitoka mbele.

"Chef, utusamehe. Miti ilikauka yote, na mi ndiye niliyekuwa naichunga. Tulifikiri kuweka ingine ya mubichi ili tukudanganye, lakini hatukufanya."

Wenzake waliinamisha vichwa. Chef aliinama akatazama kijiti kimoja, kisha akauliza, "Mulichimba mukaona chini?"

"Apana, chef."

"Chimba, mwanangu."

Benita alichimba polepole. Chini ya kile kijiti kikavu kulikuwa na mzizi mnene kuliko kijiti chenyewe. Aliingiza mkono shimoni hadi kiwiko, na mzizi bado ulikuwa unashuka. Akaukwaruza kwa ukucha: ndani ulikuwa mweupe, wenye maji. Karibu na uso wa ardhi kichipukizi chekundu kilikuwa kimeanza kutokeza.

"Iko muzima," alinong'ona. Kisha akarudia kwa sauti ili wote wasikie.

"Musuku wa kwetu iko vile," alisema chef. "Jua ikikuwa kali, anaacha ya juu ikufe, anachunga nguvu yake chini. Mvua ikianguka, anatoka tena. Kilima ni chenu."

Wanafunzi walipiga makofi, na Benita akajiona mrefu kuliko siku zote. Madame Clotilde alingoja wanyamaze.

"Sikieni, batoto. Musitu wetu unajua kuvumilia, lakini uvumilivu nao una mwisho. Joto inazidi, mvua inachelewa, na muzizi unaochomwa na kukatwa kila mwaka utachoka. Kwa hiyo tutauchunga, bila moto na bila panga. Na muone kitu kingine. Kama mungeng'oa ile mikavu ili kilima kionekane kizuri, mungeua musitu muzima kwa mikono yenu. Benita alisema ukweli wakati aliamini utamunyang'anya kilima. Ukweli wake ndio uliokiokoa."

Gauthier alichukua jembe bila kuambiwa, akaufukia ule mzizi taratibu.

Jioni baba yake Benita alisikiliza habari yote amesimama mlangoni mwa depo. Safari hii hakutania. Alimsogezea kiti mbele ya wateja, akasema, "Chef wa msitu, ikala."

Na Benita akakaa.