Kopo la Fundi Viatu

Fundi viatu alikuwa hatulii. Anapiga msumari mmoja, anainuka. Anachungulia chini ya meza, anakaa. Anainuka tena.

Chini ya meza kulikuwa na kopo. Ndani yake, choroko.

Mkewe alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza. Muuguzi wa kliniki alimwambia damu yake ni pungufu. Akampa vidonge, akamwambia ale na mboga. Mboga zipi? Magenge yote ya mboga yalivunjwa na matingatinga asubuhi moja, nyanya zikasagwa zikawa tope. “Mtajengewa soko jipya,” waliambiwa na ofisi ya masoko. Wakati huo mimba haikuwapo. Sasa tumbo lilikuwa kama ngoma, na soko halina hata tofali. Aliyeahidi husahau, aliyeahidiwa hasahau.

Ndipo fundi akasikia redioni kwamba choroko zikichipuzwa nyumbani huwa mboga. Akazitia koponi, akajaza maji, akafunika. Kisha akapaka gundi ya viatu kuzunguka kifuniko. Fundi viatu akiona upenyo, huziba. Ndiyo kazi yake.

Alipofungua, harufu ilimrudisha nyuma.

“Mume wangu,” mkewe alisema akiziba pua, “umefuga panya humo?”

“Mwenye duka kaniuzia mbegu zilizokufa!”

“Zilikuwa hai. Umeziua wewe.”

Fundi akachomoa pakiti rafuni. “Hizi ni choroko za kupanda. Zinaota hata kwenye jiwe.” Akazimimina bakulini. Zilikuwa na rangi ya waridi, zinapendeza. Maji nayo yakageuka ya waridi.

“Hodi! Nani kafa humu?” Alikuwa jirani yao, mpishi wa hospitali. Alipoona bakuli, mzaha ukamtoka. “Nani kala hizo?”

“Hajala mtu. Ndiyo kwanza naloweka.”

“Usiziguse tena! Rangi hiyo si pambo, ni alama ya dawa ya kuua wadudu na ukungu. Shambani ni kinga, tumboni ni sumu.”

“Nitaziosha.”

“Haioshwi ikaisha! Kwetu, mwaka wa njaa, watu waliziosha mpaka zikawa nyeupe, wakapika. Tulizika, fundi. Tulizika.”

“Mbona pakiti haisemi?”

“Inasema. Kwa herufi ndogo kama chawa, kwa lugha ambayo mkulima hakufundishwa. Halafu wanamwita mjinga!”

Fundi alitazama tumbo la mkewe.

“Zifunge, zirudi dukani wazitupe wao kwa usalama,” mpishi alisema. “Bakuli hilo lisiingie tena jikoni. Nawa kwa sabuni. Kisha kanunue choroko za kula, nzima, zisizopasuliwa.”

Choroko zilipoletwa, mpishi alizichambua na kuziosha. “Zilale majini usiku mmoja. Asubuhi mwaga maji yote. Mbegu inataka unyevu, haitaki kuogelea. Tena inataka pumzi. Leta kopo lingine, safi, na msharasi wako wa kutobolea ngozi. Toboa kifuniko.”

“Mimi? Nitoboe?”

“Kwani ulizaliwa kuziba tu?”

Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi akatoboa.

“Suuza asubuhi, mchana na jioni kwa maji safi. Kila mara inamisha kopo, maji yachuruzike. Liweke kivulini, mbali na jua. Zikinuka au zikiteleza, tupa bila huruma. Na shemeji asile mbichi. Palipo na unyevu na joto, hata vijidudu huzaana. Zipikwe ziive. Vidonge asiache, choroko si daktari.”

Siku hizo fundi hakutulia. Anashona, anasuuza. Anapiga nyundo, anachungulia. Mara mikia myeupe ikatokeza, ikarefuka, ikajaza kopo.

Mkewe alizikaanga na kitunguu hadi zikaiva. Akala. Fundi akamkodolea macho.

“Acha kunikagua kama soli!” mkewe alisema. “Tamu. Chipuza nyingine.”

Kliniki iliyofuata, muuguzi alisema damu imeanza kuongezeka. Majirani wakaleta makopo yao kutobolewa, yakapanga foleni pamoja na viatu.

Basi siku moja bwana mmoja wa ofisi ya masoko akaleta kiatu kishonwe. Akaona makopo, akasifu. “Vizuri. Subirini kidogo tu, soko linakuja.”

Fundi aliinuka. Alishika msharasi mkono mmoja, kiatu cha bwana mkono wa pili.

“Bwana mkubwa, choroko huota gizani, ndani ya kopo bovu. Hilo soko lenu limeshindwaje kuota juani?”

Bwana alinyoosha mkono apewe kiatu chake, mguu mmoja wazi, mtaa mzima ukisubiri jibu.