Katikati ya Malisho

Haya yalimkuta jirani yetu, Kitinda, mchana kweupe. Yeye na kaka yake walikuwa wamerithi ng'ombe wachache na malisho yaliyotelekezwa tangu mama yao alipofariki. Nyasi zilikuwa zimewapita ng'ombe pembe, mashina yamekomaa kama fito. Ng'ombe walionja pembeni tu, kisha wakarudi nyuma.

Asubuhi ile kaka mtu alimchemshia chai, akamtilia sukari nyingi kama anavyopenda.

"Leo fyeka wewe, mdogo wangu, mgongo unanisumbua. Ila ingia kwanza hadi katikati, ndiyo uanzie huko."

"Kaka, hata kinyozi haanzii utosini!" Kitinda akacheka.

Kaka hakucheka.

Kitinda alijifyekea njia ya kupita, akiacha visiki virefu kidogo ili nyasi zichipue laini. Alipofika katikati alikuta duara limeliwa hadi udongo. Hakuna ng'ombe aliyewahi kufika pale.

Ndani ya duara kulikuwa na shati lake, lile lililopotea kwenye kamba ya nguo. Limefungwa kwenye kigingi, kama ndama.

"Kaka!"

Jibu lilitoka langoni, kwa sauti ya huzuni. "Nisamehe. Ng'ombe walikuwa wanakwisha. Mganga akasema malisho yanataka mtu. Nikawaza, wewe huna mke wala mtoto."

Komeo la lango likalia.

Kitinda aligeuka. Njia aliyoifyeka haikuwepo. Nyasi zimesimama. Upepo hakuna. Kitu kilikuwa kinatafuna, taratibu, karibu yake.

Akalirukia shati. Akalivuta kwa mikono miwili. Fundo likaachia.

Kutafuna kukakoma.

Kisha kukaanza tena, mbali. Langoni.

"Mdogo wangu," kaka aliita kwa unyonge, "njoo unishike mkono."

Kitinda hakwenda. Damu nzito kuliko maji, wanasema. Siku ile ilimwia chungu kama shubiri. Alikaa palepale akilia, na hakuwa analia kwa woga. Huna mke wala mtoto. Mtu wa tumbo moja naye!

Majirani waliovutwa na kelele za ng'ombe walimtoa, wakafyeka malisho yote hadi kwenye uzio. Kaka hawakumwona. Nje ya lango, lililokuwa bado limekomewa, viatu vyake vya mpira vilisimama sambamba, vimejaa maziwa hadi pomoni.

Zizini hakukuwa na ng'ombe hata mmoja wa kukamwa. Na maziwa yalikuwa bado ya moto.