Neno Lililofutwa Likarudishwa

Kila Jumamosi asubuhi Hyasinta Masatu alitoka mtaa wa Nyasho kwenda mtaa wa Mukendo akiwa ameshika kiwiko cha shangazi yake, Getruda. Njia aliijua kuliko wengi wenye macho: kwanza harufu ya mafuta ya maandazi, kisha cherehani za mafundi barazani, kisha mtaro ambao usiporukwa unakumbusha wenyewe kwamba upo. Hyasinta alipoteza uwezo wa kuona akiwa mdogo, baada ya kuugua surua. Sasa alikuwa darasa la saba, naye hakuwa na subira hata kidogo. Kwa hilo la pili surua haikuhusika.

Chumba walichokiendea kilikuwa nyuma ya duka la vitabu. Mlikuwa na kompyuta moja, iliyotolewa msaada mwaka ule wa 1999 kwa ajili ya wanafunzi wasioona wa mji wa Musoma. Kompyuta hiyo ilisema. Kila kilichoandikwa kwenye kioo chake ilikisoma kwa sauti ya mwanamume wa Kizungu ambaye hakuwa amefundishwa Kiswahili, wala hakuona kwamba hilo ni kizuizi. Neno "pole" alilitamka "poul," na "wake" akalitamka "weik." Watoto walimwita Mzee Joni. Msimamizi wa chumba alikuwa Fundi Pazi, ambaye zamani alitengeneza mashine za chapa, na ambaye hadi sasa aliigonga kompyuta ubavuni kila ilipochelewa kuwaka.

Siku hiyo Hyasinta alikuwa na sababu ya kutotulia. Shule moja ya bweni ya mkoa mwingine, yenye walimu wa wasioona, ilikuwa na nafasi moja tu kwa mtoto wa mkoa wa Mara. Kila aliyeitaka aliandika insha na kuisahihisha mwenyewe kwa kompyuta inayosema. Mtawa aliyezipokea insha hizo alikuwa Bunda, na jioni angeondoka. Shangazi Getruda, mchuuzi wa dagaa, alikuwa akienda Bunda mnadani. Diski yenye insha angeibeba yeye. Kama Hyasinta asingepata nafasi hiyo, angerudi kijijini kwa baba yake. Baba alikuwa mvuvi, na mwaka huo sangara wa ziwa lao walikuwa wamekataliwa Ulaya. Asiyeona kijijini hapo alipewa kiti karibu na mlango na kazi ya kupukuchua mahindi. Hyasinta alikwisha kukalia kiti hicho likizo nzima, akakichukia.

"Hyasi, fanya haraka," alisema Shangazi kutoka mlangoni. "Basi halina undugu na mtu."

"Nafanya, Shangazi."

Insha ilikuwa tayari. Mwalimu wake wa darasa, Dorotea, alikuwa ameipitia Alhamisi kwenye kompyuta hiyo hiyo na kuacha mapendekezo yake. Programu ilikuwa na utaratibu wake: neno lililokataliwa na msahihishaji halikuondoka, lilipigwa mstari tu, na lililopendekezwa likakaa kando yake, mpaka mwenye kazi aamue. Hyasinta alitakiwa kubonyeza kibonyezo, kumsikiliza Mzee Joni akitaja badiliko, kisha kukubali au kukataa.

Alibonyeza.

"Limefutwa: fahali," alisema Mzee Joni kwa Kiingereza chake. "Limeingizwa: fahari."

Hyasinta alikunja uso. Alirudi nyuma, akasikiliza tena. Limefutwa fahali, limeingizwa fahari. Sentensi ilimhusu baba yake. Yeye ndiye fahari ya kijiji chetu, ndivyo alivyokusudia kuandika. Sasa mwalimu alikuwa amelifuta neno hilo na kulirudisha lile lile.

"Fundi, hii mashine imeharibika. Inafuta neno, halafu inaweka hilo hilo."

Fundi Pazi alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya kuchapa iliyomeza karatasi. "Sikiliza tena," alisema bila kugeuka.

"Nimesikiliza. Wanzagi, na wewe sikiliza."

Wanzagi, mwanafunzi mwenzake mwenye uoni hafifu, alikuwa akingoja zamu yake kwenye benchi. Alisogeza sikio. "Fahari na fahari," alisema. "Tofauti iko wapi sasa? Mwalimu alichoka tu. Mimi kule kwetu nilikuwaga na mwalimu anasahihisha mpaka jina lako."

Hyasinta alibonyeza tena. Mbele kidogo alikuwa ameeleza kwamba mwaka huu wavuvi hawana pa kuuza samaki. "Limefutwa: mahari. Limeingizwa: mahali." Lile lile tena. Mguu wake ulianza kugonga sakafu. Badiliko lililofuata lilimkuta amekwisha kukasirika: "Limefutwa: gogogo. Limeingizwa: gogo."

"Gogo!" alisema kwa sauti. "Baba yangu anavua magogo?"

"Labda anajenga mtumbwi," alisema Wanzagi.

"Nyamaza wewe."

Hapo Hyasinta akafikiri, na fikra zake zilikuwa na mantiki, jambo ambalo halizuii kosa. Badiliko la kwanza halikubadilisha kitu. La pili vilevile. La tatu lilikuwa la uongo mtupu. Basi yaliyobaki yalikuwa na thamani gani? Programu ilikuwa na amri ya kuyakubali masahihisho yote kwa mara moja, na nyingine ya kuyakataa yote. Walioziweka amri hizo bila shaka walikuwa na sababu zao. Watu wenye haraka wana za kwao. Hyasinta aliyakataa yote.

"Nimemaliza, Fundi. Weka kwenye diski."

"Umemaliza? Yote?" Fundi Pazi aliinuka, akifuta wino vidoleni. Alisogea mbele ya kioo na kusoma kimoyomoyo, kama alivyofanya kwa kila kazi kabla haijatoka chumbani mwake. Kisha akarudi kwenye sentensi ya baba na kuisoma tena.

"Hyasinta. Baba yako ni fahali?"

"Ndiyo, Fundi. Ya kijiji chetu."

"Fahali. Dume la ng'ombe."

"Siyo ng'ombe, Fundi! Fahari. Mtu wa kujivunia."

"Hivyo sivyo ulivyoandika. Umeandika fahali."

"Si ndiyo hivyo, fahari!"

Wanzagi alielewa kabla yake, kwa kuwa si yeye aliyekuwa matatani. Alilia kama ng'ombe, mlio mrefu na mzuri, mpaka mtu wa dukani akauliza kuna nini huko nyuma.

"Na hapa," aliendelea Fundi, "unasema wavuvi hawana mahari. Wanaoa wangapi?"

Uso wa Hyasinta ulipata moto. Hakusikia tofauti. Fundi alitamka maneno hayo mawili mara kadhaa, taratibu, naye akamsikia akisema neno moja mara kadhaa, taratibu. Mguu wake ukaacha kugonga sakafu.

"Fundi, nimeyakataa yote. Yamepotea?"

"Umehifadhi?"

"Bado."

"Basi usiguse kitu." Alifunga kazi hiyo bila kuihifadhi, akaifungua upya. Masahihisho yalikuwa mahali pake. Taa ya dari ilififia, ikarudi. Mgawo wa umeme wiki hiyo haukufuata ratiba ya mtu yeyote. Wote wanne waliitegea kompyuta sikio. Mashine ilibaki hai.

Ni wakati huo Mwalimu Dorotea alipoingia, akitaka kuiona kazi ikiondoka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mmesimama kama msibani?"

Wanzagi alieleza, na kwa kuwa alieleza yeye, ng'ombe alirudiwa. Mwalimu hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi kando ya Hyasinta.

"Ulisikiliza neno, au ulisikiliza herufi?"

"Neno, Mwalimu."

"Rudi kwenye neno la kwanza. Tumia mshale, herufi moja moja."

Mzee Joni alianza kutaja herufi kwa Kiingereza, bila haraka, maana yeye hakuwa na basi. "Efu. Ei. Eichi. Ei. Eli. Ai." Hyasinta alisogea kwenye neno lililoingizwa. "Efu. Ei. Eichi. Ei. Ari. Ai."

Kidole kilisimama juu ya kibonyezo.

"Eli na ari," alisema.

"Ziandike kwa nukta nundu. Kwanza eli."

Hyasinta alitoa kibao chake mkobani, akatoboa. Eli ilikuwa na nukta tatu zilizosimama wima. Akatoboa ari: tatu zile zile, na moja pembeni. Aligeuza karatasi, akapitisha ncha ya kidole juu yake, akarudi, akapitisha tena. Kidole hakikuwa na shaka yoyote.

"Kwa hiyo nyinyi mnazisikia ni mbili?" aliuliza.

"Fundi anazisikia, mama yake ni wa pwani. Mimi nimezaliwa kijiji cha Buswahili, huku huku Mara," alisema Mwalimu. "Mdomoni mwangu hizi ni moja, na masikioni vilevile. Kwenye kamusi ni mbili. Ninapokuwa na shaka sijiulizi neno linasikikaje. Nalitafuta lilivyoandikwa."

"Na hili gogo nalo umelitafuta?" Swali lilitoka kabla Hyasinta hajalipima. "Samahani, Mwalimu. Lakini baba havui magogo. Anavua gogogo."

"Gogogo ni kitu gani?"

"Mwalimu!" Shangazi Getruda aliacha mlango. "Huyu samaki wa miiba, anayelia ukimtoa majini! Unakaa Musoma humjui gogogo?"

"Kwetu tunalima," alisema Mwalimu Dorotea. "Nilidhani kidole chake kilinasa kwenye kibonyezo."

"Basi nifanyeje?" aliuliza Hyasinta.

"Insha ni ya nani?"

"Yangu."

"Unamjua samaki huyo?"

"Namjua. Ameshanichoma."

"Basi unaniuliza nini?"

Hyasinta alilikataa badiliko hilo. Kisha akarudi mwanzo na kuanza upya, neno kwa neno, na alipokuta mawili yanayofanana alishuka kwenye herufi. Kazi ilikwenda polepole mno. Nje basi la Bunda lilipiga honi. Shangazi alitoka, akarudi, akatoka tena. Mwishowe akaweka kapu lake chini na kusema kwamba basi linalofuata nalo lina magurudumu. Hyasinta alitaka kuruka alama za mkato, kwa kuwa nani ameshindwa maisha kwa sababu ya mkato? Lakini hakuziruka. Moja aliikataa, baada ya kuisoma sentensi kwa namna zote mbili.

Alipokubali badiliko la mwisho, Fundi Pazi alinakili kazi kwenye diski, akaifunga kwa karatasi ya nailoni. Shangazi aliitia kifuani na kukimbia. Umeme ulikatika baada ya yeye kuondoka, na hakuna aliyejali.

Jibu lilikuja kabla ya mitihani: Hyasinta alikuwa amepata nafasi. Mwalimu Dorotea alimsomea barua hiyo darasani, wenzake wakiwa wametoka kwenda kucheza.

"Mwalimu," alisema Hyasinta baadaye, "ningeipeleka vile, na lile fahali, wangenikataa?"

Mwalimu alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, na somo lingekuwa rahisi zaidi.

"Sijui. Labda wangecheka, wakakuchukua hivyo hivyo. Si kila kosa linaadhibiwa, na ndiyo maana watu huendelea na makosa yao mpaka uzeeni. Mimi siku ile nilikuwa sahihi kwenye mengi, nikakosea kuhusu samaki. Ungekubali yote kwa kuwa mimi ni mwalimu, ungepeleka kosa langu kwa jina lako. Ulikataa yote kwa kuwa ulikasirika, ukabaki na makosa yako. Njia zote mbili ni za haraka, na zote mbili ni za kukwepa kazi. Masikio yakikwambia vitu viwili ni kimoja, inawezekana ni kimoja kweli. Inawezekana pia ni masikio. Utajuaje?"

"Kwa kupitia herufi," alisema Hyasinta.

"Inachosha."

"Inachosha sana, Mwalimu."

"Huko uendako herufi zipo nyingi zaidi," alisema Mwalimu Dorotea, akamkabidhi barua yake.