Kipimo Nilichobuni

Kila nikitoka shuleni, sipitii nyumbani kwanza. Naenda moja kwa moja hadi soko la Mumias, kibandani kwa Shangazi Zeituni, fundi wa nguo. Kazi yangu ni kuokota pini na kupanga vifungo. Kazi nyingine, ambayo sikupewa na mtu, ni kuuliza maswali.

Siku hizo maswali yote yalimwendea kaka yangu Ayub, anayesomea kompyuta chuoni. Alikuwa akimtengenezea Shangazi programu ya simu. Mteja angechagua mshono, aandike vipimo vyake, kisha atume oda bila kufika kibandani.

"Nikibonyeza hapa? Na nikiandika kiuno cha tembo?" nilimuuliza.

"We Hamida! Simu ingekuwa na miguu, ingekukimbia."

Kisha akanipa kazi ya kweli: nimpime Mama Swafia, jirani yetu mwenye duka hapo sokoni, niandike vipimo vyake. Alikuwa mteja wa kwanza wa programu, na gauni lilikuwa la Idd.

Nilipima mabega, kifua na kiuno. Kabla sijapima mzunguko wa mkono, mtu akamwita dukani kwake, naye akaenda mbio. Kwenye simu, kisanduku cha kuandikia kipimo cha mkono kilibaki kitupu, na programu ikagoma kuendelea. Lo! Nami nilikuwa na hamu kubwa ya kuona kinachofuata. Nikaandika tu inchi kumi na mbili. Oda ikaenda, nikarukaruka kwa furaha.

Siku tatu kabla ya Idd, Mama Swafia alikuja kujaribu gauni. Mkono ukakwama juu kidogo ya kiwiko. Akavuta, akavuta tena, wapi!

"Yaani Zeituni, miaka yote unashona, leo umenishonea gauni la mtoto?"

Shangazi aliona aibu. "Hata mimi namba ile ilinishangaza, lakini simu ndiyo iliyosema." Akamgeukia Ayub. "Futa hicho kitu chako. Narudi kwa daftari langu."

Ilikuwa kazi ya miezi mitano. Ayub aliinamia kompyuta, akatafuta kosa mstari kwa mstari, kosa ambalo halikuwemo. Nilimwonea huruma, nikajichukia. Ningenyamaza, nani angejua?

"Shangazi," nilisema, "programu haina kosa. Namba ya mkono niliibuni mimi. Kisanduku kilikataa kubaki kitupu."

Ayub aliinua kichwa. "Kilikataa? Basi hata wateja wangebuni!"

Jioni hiyo aliongeza kitufe kilichoandikwa "Sijapima". Ukikibonyeza, oda inangoja mpaka fundi apime. Nami nilimwomba Mama Swafia msamaha, nikampima mkono: inchi kumi na saba. Shangazi alifumua mshono, akaunga kipande cha kitambaa kilichobaki.

Siku ya Idd, Mama Swafia alipita kibandani akiwapungia watu mikono yote miwili. Shangazi alicheka, kisha akanishika bega.

"Ayub asifute kitu. Na wewe Hamida, uliza mpaka tuchoke, kwani kuuliza si ujinga. Lakini usilolijua, sema hulijui. Kitambaa kikipungua, naweza kuunga. Jina la fundi likichanika, sina uzi wa kulishona."