Dozi ya Mtu Mmoja

Fundi viatu na mkewe waligawana kila kitu. Mkate ulikatwa katikati. Chai ilinywewa kwa zamu, katika kikombe kimoja. Katika miaka yote ya ndoa yao, hakuna aliyemficha mwenzake hata punje ya sukari.

Baridi ilipoingia, wote wawili waliugua. Fundi alishikwa na mafua; pua ikachuruzika, chafya zikafuatana. Mkewe alikuwa na kikohozi na homa kali, na kila alipovuta pumzi alishika kifua. Katika kituo cha afya walimpima, wakamwambia ana nimonia iliyoletwa na bakteria. Wakampa vidonge vya antibiotiki.

Jioni hiyo mke alimimina nusu ya vidonge kwenye kiganja cha mumewe.

"Siwezi kupona peke yangu," alisema, "na wewe unapiga chafya kama pikipiki iliyogoma kuwaka."

Fundi akapokea. Hakuwahi kukataa kitu kutoka mkono ule.

Vidonge viliisha upesi. Homa ya mke ilipoa kidogo, kisha ikarudi kwa nguvu. Asubuhi moja fundi alimkuta akihema, midomo imemkauka, hana nguvu ya kumjibu. Akatoka mbio. Akagonga mlango wa jirani yao, muuguzi.

Muuguzi aliwaamkia, akamgusa mgonjwa paji la uso, akauliza dawa ziko wapi. Fundi akamweleza, kwa fahari kidogo, jinsi walivyogawana.

Muuguzi akamgeukia.

"Baba," alisema, "mteja akikuletea jozi ya viatu, ukamrudishia kimoja na kingine ukampa jirani yake, nani atatembea?"

"Hakuna, mwanangu."

"Ndivyo mlivyofanya."

Ndani ya teksi, wakimpeleka mgonjwa kituoni, muuguzi alieleza mengine. Bakteria ni viumbe hai wasioonekana kwa macho. Wengi hawana madhara, lakini hawa walikuwa wakila na kuzaliana ndani ya mapafu ya mama. Antibiotiki huwaua, mradi dozi itimie. Nusu dozi huwaacha wale wagumu wajipange upya. Mafua ya baba yaliletwa na virusi. Hivyo ni vidogo zaidi, na haviwezi kuzaliana vyenyewe. Huingia ndani ya chembe za mwili na kuzigeuza kiwanda chao. Antibiotiki haiviui. Mafua hushindwa na mwili wenyewe, kwa kupumzika na kunywa maji ya kutosha. Na wote hao, bakteria na virusi, husafiri kwa kikohozi, chafya, mikono michafu na kikombe cha pamoja.

"Kumbe nilikuwa nakula uzima wa mke wangu," fundi alisema polepole.

"Hukujua, baba. Sasa unajua."

Daktari alianza matibabu upya. Nyumbani, fundi alinunua kikombe cha pili. Alipiga chafya kwenye kiwiko, alinawa mikono kwa sabuni, alifungua madirisha. Kila saa ya dawa ilipofika alisimama kando ya kitanda mpaka kidonge kimezwe.

Homa ilikwisha kabla ya vidonge kwisha. Mke, kwa mazoea, akamnyooshea mumewe kimoja.

Fundi akaushika mkono ule, akausukuma taratibu.

"Leo unakataa mkono wangu?"

"Mkono siukatai, mama. Nakataa kidonge."

Akaendelea kuushika. Mke akameza dawa yake, kisha akacheka kicheko kirefu, bila kushika kifua.