Kompyuta ya Marehemu Yaitika

Taifa lifahamu kwamba asubuhi hii, katika shule yetu ya bweni hapa Kilimatinde, umegunduliwa uhalifu mkubwa kuliko wote wa karne hii mpya. Imeibiwa kompyuta. Ilikuwa ya mtumba, na ilinguruma kama mashine ya kusaga.

Inspekta Peniel alisimama katika ofisi ya marehemu Mwalimu Damiani, iliyofungwa tangu mazishi. Mezani, katikati ya vumbi, palibaki mstatili safi. Upepo ulipiga mluzi kwenye bati.

"Ufunguo anao nani?"

"Mlinzi tu, Mzee Antipasi," alijibu Mwalimu Martina. "Yuko mahabusu. Analia, afande."

"Kompyuta ilionekana lini mara ya mwisho?"

Martina alishusha sauti. "Hata leo imeitika."

Damiani ndiye aliyeunganisha kompyuta za shule kwa waya na kuzipa majina: Mungaa, Misigiri, na yake, Damiani. Kila asubuhi Martina huziita kutoka mezani kwake, kama mahudhurio ya darasa.

"Iite."

Walihamia mezani kwake, Martina akaandika jina la marehemu kwenye kompyuta. Jibu likaja papo hapo. Akaondoa mikono kama aliyegusa maiti.

"Mwenyewe tumemzika. Mashine haipo. Anaitika nani?" Martina aliuliza.

Inspekta alisoma kwenye skrini tarakimu za anwani ya mashine iliyojibu. "Ita Mungaa."

Tarakimu zilezile. Akachomoa waya wa Mungaa.

"Damiani tena."

Kimya.

"Mtu ameingia kwenye kompyuta kuu inayotunza majina, akaelekeza jina la Damiani kwa Mungaa. Nami nimesoma bweni, Mwalimu. Mtoro akiitwa, mwenzake huitika. Hapa nani huwaitikia watoro?"

Martina alimgeukia mwanafunzi mmoja mwadilifu, mtulivu, aliyekuwa akiandika taarifa hii.

"Noel!"

"Shikamoo, afande," nikasema.

"Marahaba. Iko wapi?"

Kalamu ilinidondoka. Nikawapeleka kwa Mama Luciana, mjane wa Mwalimu.

Tukiwa nje ya mlango tulisikia sauti ya Damiani, nzito, ikikwaruza. Martina alinishika mkono.

"Aliijaribu maikrofoni kwa kujirekodi akiita mahudhurio yetu," nilinong'ona. "Shule ilipanga kuifuta kompyuta yote Ijumaa. Mama hana rekodi nyingine ya sauti ya mumewe. Nilipita dirishani, nondo moja imelegea."

"Na Mzee Antipasi?" Inspekta aliuliza. "Alale ndani kwa ajili yako?"

Sikuwa na mzaha wowote uliobaki.

Ndani, marehemu aliita: "Loyce. Moses. Noel."

Inspekta alinitazama.

"Nipo, Mwalimu," nikasema. "Ni mimi niliyeiba. Mwachieni Mzee."