Chana Mfuko, Acha Udongo

Kila asubuhi mimi na mama tunamwagilia miche kabla jua halijawa kali. Kitalu chetu kiko mbele ya nyumba, kando ya barabara. Tuna milimao, mipapai na miparachichi. Kila mche uko ndani ya mfuko wake mweusi wa plastiki. Mama anaongea na wateja. Mimi nabeba, napalilia, natazama. Ndiyo maana mtaani wananiita Kimya.

Siku moja jirani yetu, fundi baiskeli, alikuja na mlimao uliokauka kama ufagio.

"Mama Kimya, umeniuzia kuni."

"Kuni gani, baba? Mche ulitoka hapa kijani kibichi."

"Basi ukijani wake uliishia njiani. Na wa shemeji yangu umekufa. Watu wanasema miche yako mibovu."

Wateja walikuwa wameanza kutupita kama hawatujui. Usiku uliopita mama alikuwa amesema, "Mwanangu, mambo yakiendelea hivi, kitalu tutafunga."

Nikautazama ule mlimao. Mizizi yake ilikuwa bado ndani ya mfuko.

"Fundi, ulipanda na mfuko wake?"

"Si mama yako aliniambia nisiguse mizizi? Na mimi mtu wa kusikia. Sikuigusa."

Ni kweli, mama humwambia kila mteja asiguse mizizi. Habari ya mfuko haisemi. Alidhani kila mtu anajua.

Mchana nilikata vipande vya katoni. Kwa kalamu ya wino mzito niliandika: "Ondoa mfuko. Panda. Mwagilia." Nikafunga kipande kwenye kila mche kwa uzi.

Bibi shamba, afisa kilimo wetu, alipita kukagua vitalu, kama kawaida yake. Alisoma, akatabasamu.

"Umefanya jambo, mdogo wangu. Sasa mpe mtu asome, apande. Wewe usimwelekeze. Tazama mikono yake tu."

Tukamwita fundi baiskeli. Alisoma. Akashika mche shingoni, akauvuta mfuko kwa nguvu zake zote za kufungua nati. Udongo ukamwagika wote. Mizizi ikabaki uchi, inaning'inia.

"Nimeondoa," alisema. "Kuna jingine?"

Mama alijifunika uso kwa kanga asionekane anacheka.

"Msimcheke," alisema bibi shamba. "Yeye amefanya alichoambiwa. Aliyekosea ni katoni."

Akaomba wembe. Akachana mfuko wa mche mwingine kutoka juu hadi chini. Mfuko ukafunguka kama ganda la ndizi, na udongo ukabaki umeikumbatia mizizi.

"Umeona? Mkono unafanya nini kwanza? Andika hilo. Kisha unafanya nini? Andika na hilo. Andika kama unavyoongea na mtu aliye mbele yako."

Mimi siongei sana na watu, nikaona afadhali mti wenyewe uongee. Niliandika upya:

"Mimi ni mlimao. Usinizike na nguo zangu. Chimba shimo pana. Chana mfuko kwa wembe, toka juu hadi chini. Udongo wangu niachie. Nipe maji asubuhi na jioni. Maji ya sabuni kanywe wewe."

Mama alisoma polepole, neno kwa neno. Alipofika kwenye sabuni alikaa chini.

"Mti gani huu una mdomo hivi? Umemrithi nani?"

Fundi alijaribu tena. Safari hii udongo haukudondoka hata punje. Alibeba mlimao wake kama anabeba mtoto.

Kuanzia hapo watu walisimama barabarani kusoma. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanacheka, halafu wananunua. Waliopanda walirudi kutuambia kwamba miche imeshika. Bibi shamba aliomba kipande kimoja cha katoni, akaenda nacho ofisini kwake. Mimi nikasahau.

Siku moja bibi shamba alirudi mbio mbio, kitambaa cha kichwa kimeteleza.

"Mama Kimya, kaa. Na wewe mdogo wangu, kaa. Ofisi inagawa miche kwenye shule zote za msingi. Wanataka milimao yenu. Na wanataka huyu aandike maneno ya kila mti, alipwe kwa kazi hiyo. Kesho asubuhi anatakiwa."

"Dada, mimi niliishia darasa la saba," nilisema.

"Na watakaosoma ni wa darasa la tatu. Unawapita."

Mama aliinuka akaenda kumwagilia miche iliyokwisha kumwagiliwa.

Asubuhi nilivaa gauni langu zuri. Nilipofika mlangoni pa ofisi ya bibi shamba, yeye alinigeuza, akaanza kucheka. Kwenye mkanda wa mkoba wangu, nyuma, kulikuwa na kipande cha katoni kimefungwa kwa uzi. Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, za mama:

"Huyu ni Kimya. Mchimbieni shimo pana."